Wajima: soko lilihamia Kanazawa

Mnalikumbuka lile tetemeko la Noto kule Japani, tarehe 1 Januari 2024, watu wako sikukuu kabisa? Mji wa Wajima ulipigwa vibaya, moto ukala mtaa wa soko la asubuhi, karakana kibao za mafundi wa vyombo vya urushi zikaanguka. Urushi ni utomvu wa mti, wanapaka bakuli la mbao tabaka juu ya tabaka, hatua zinapita 100 na kila fundi ana yake, kwahiyo akikosekana mmoja tu kazi yote imelala. Machi wauzaji wakaenda kufungua soko lao Kanazawa, mji mwingine, baadae zikajengwa karakana za muda, na kwangu mimi huo ndo msaada wenyewe, mtu apewe pa kufanyia kazi kuliko blanketi la tatu. Halafu Septemba mafuriko tena! Mimi ningefunga virago aisee.