Nafasi ndani ya jina la faili

Jamani, leo nimefurahi hadi nimeshindwa kukaa kimya.

Niko ofisini Posta, mvua inanyesha, foleni haisogei. Nikaona nimalizie skripti (faili la amri za kompyuta) ya kupanga risiti za Kariakoo. Watu wa hesabu huyapa mafaili majina marefu: "Risiti Msimbazi Januari.pdf". Na wana haki, jina la hivyo linasomeka.

Sasa kwenye Bash, sheli (programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika), ukitumia $1, yaani hoja ya kwanza inayopewa skripti, hapa jina la faili, bila alama za kunukuu, jina hilo linakatwa vipande vitatu: Risiti, Msimbazi, Januari.pdf.
Amri inaenda kutafuta mafaili matatu ambayo hayapo.
Kinga ni kuandika "$1", na kwa hoja zote "$@", kila mahali, bila kusahau hata mahali pamoja.

Leo nimeiandika skripti upya kwa fish, sheli nyingine iliyotoka 2005. Humo kila kigeu (jina linalobeba thamani) ni orodha, na hoja za mstari wa amri zinakaa ndani ya $argv.

Nikaweka ndani ya skripti amri ya kuhesabu vipande vya hoja ya kwanza: count $argv[1]
Bila alama yoyote ya kunukuu.

Ikajibu: 1

Nimeitazama hiyo moja kwa muda mrefu. Jina limeingia zima, limebaki zima!

Kwenye seva bado nitatumia Bash, kwa sababu iko karibu kila mahali. Ila kazi za mezani kwangu nahamia fish.

Wenzangu mnaoandika skripti hapa Dar, nyie mnatumia sheli gani? Kuna aliyejaribu sheli ya Nushell anieleze orodha zake zikoje?