Apple ina hasara?

Jana usingizi ulikata saa nane usiku nikasema ngoja nisome mizania ya Apple, ile karatasi ya mali na madeni yao, maana nina kijihisa changu kule nilichonunua kwa kufuata mkumbo tu, hesabu zao sijawahi kufungua hata siku moja. Nikachukua ya mwaka ulioishia Septemba 30, 2023.

Aisee nilishtuka. Kule chini kwenye fungu la wenye hisa kuna mstari unasema hasara iliyolimbikizwa, dola milioni 214. Hasara? Apple? Si hawahawa mwaka huo wamepata faida karibu bilioni 97? Nikapanda juu, mali za muda mfupi bilioni 143.6, madeni ya muda mfupi bilioni 145.3. Mimi nimekulia dukani kwa bimkubwa, na kwetu mwenye hesabu za hivi anaanza kufunga duka mapema kukwepa wanaomdai.

Ikabidi nihamie kwenye karatasi ya mzunguko wa fedha, ndo nikaelewa. Mwaka huo walinunua hisa zao wenyewe kwa bilioni 77.6, wakagawa gawio bilioni 15, na sehemu kubwa ya hela hiyo inakatwa kwenye faida waliyolimbikiza, sasa ukifanya hivyo miaka na miaka lile fungu linakauka mpaka linaenda chini ya sifuri. Hawajapata hasara, wamewapa wenye hisa. Ndo maana mtaji wa wanahisa, yaani mali ukitoa madeni, umebaki bilioni 62.1 tu kwenye mali za bilioni 352.6, na ukigawanya faida kwa mtaji huo unapata zaidi ya asilimia 150. Hiyo namba nilishawahi kuitamba kwenye grupu la WhatsApp kama ushahidi wa akili zao, kumbe nusu yake ni kigawanyo kimesinyaa. Aibu yangu.

Na hela ipo, ila imekaa mbali. Bilioni 100.5 ziko kwenye dhamana za muda mrefu, yaani karatasi za uwekezaji kama hatifungani, zinaandikwa fungu lingine nje ya mali za muda mfupi, ukijumlisha na taslimu na dhamana za muda mfupi inafika kama 162, wakati mikopo yao ni kama 111.

Kilichonifurahisha zaidi lakini ni stoo. Bidhaa za bilioni 6.3 tu, halafu wasambazaji wanawadai bilioni 62.6! Hii ninaijua, bimkubwa alikuwa anaachiwa mikate asubuhi analipa kesho yake, mikate ishaliwa zamani, hela anayozungusha ni ya mwenye mikate. Sema yeye alikuwa na kreti mbili.

Kinachonikera bado ni hizo hisa wanazonunua, maana wananunua bei ikiwa juu, na mizania haikwambii kama walipigwa. Nikaanza kutafuta hatifungani zao, yaani hati walizokopea, zinaiva lini walipe, adhana ya alfajiri ikanikuta ukurasa wa tatu.