Jinsi ninavyofikisha habari za kufunga muhula mkononi mwa mzazi

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, huku mkoani Mbeya. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na karatasi ya kufunga muhula iko mikononi mwangu. Nasema kwa kujivunia kwamba wazazi wetu wanajua kinachoendelea shuleni. Wanajua kama choo cha wasichana kimeshapauliwa, mahindi waliyochanga yamebaki magunia mangapi na mtoto amepata nini kwenye Fizikia. Wanayajua yote hayo kutokana na karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati.

Ninaandika kwa sababu walimu vijana wanaendelea kupewa ushauri unaonikera kila ninapousikia: "Karatasi za nini zama hizi? Tupia kwenye kundi la WhatsApp, kazi imekwisha." Kikao kiliwahi kuagiza tufanye hivyo muhula mzima, na tulifanya. Faili likarushwa kwenye kundi Ijumaa ya kufunga, saa saba mchana. Chini yake zikamiminika "Hongereni walimu", "Amina", tangazo la mbolea, picha za harusi. Hadi jioni faili lilikuwa limezama, na mzazi aliyenunua bando Jumapili akawa anauliza matokeo yako wapi. Yakatumwa tena, yakazama tena. Na hao ndio waliokuwa na simu janja. Wazazi wengi wa kwetu wanalima viazi na ndizi na wanatumia kitochi. Wao walimuuliza mtoto, na mtoto akajibu, "Yanatumwa kwenye simu, bado hayajafika." Jibu lilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, kwa hiyo kuna wazazi waliolikubali mpaka Januari.

Kubwa zaidi lilikuwa lile jedwali lenyewe. Lilikuwa la darasa zima, majina na alama za kila mmoja. Mzazi mmoja akapiga picha sehemu ya chini, wale wa mwisho, akaituma kwenye kundi la kwaya. Siku iliyofuata mkuu wa shule alikuwa na wazazi wawili ofisini wasiotaka hata kusalimiana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na alama za mtoto ni taarifa zake binafsi. Hata bila sheria, mtoto wa kidato cha kwanza aliyeshika mkia hastahili kujadiliwa na wanakwaya.

Sasa karatasi yenyewe. Ukiilaza A4 na kuikunja katikati unapata kurasa nne. Upande wa nje una ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia, na upande wa ndani una wa 2 na wa 3. Nje ni sawa kwa shule nzima: ukurasa wa 1 habari za muhula, wa 4 barua ya mkuu wa shule, tarehe ya kufungua na mahitaji. Ndani ni kwa mwanafunzi mmoja mmoja: ukurasa wa 2 matokeo, wa 3 mahudhurio, maoni ya mwalimu wa darasa na kipande cha kukata. Nilichanganya ripoti na habari kwa makusudi. Zikiwa karatasi mbili, aliyefanya vizuri anapeleka ripoti na habari anafungia maandazi, na aliyefanya vibaya anapeleka habari peke yake. Zikiwa karatasi moja, hana cha kuchagua.

Kipande cha kukata ni sentimita 5 za chini za ukurasa wa 3. Angalia sana mgongo wake, maana hapo ndipo shule nyingi zinaharibu. Nyuma ya kipande hicho ni sehemu ya chini ya ukurasa wa 4, na chochote ulichochapa hapo kinaondoka nacho. Barua kwa kawaida inamalizia na tarehe ya kufungua, kwa hiyo tarehe inakaa chini kabisa. Mzazi mwaminifu anakata, anampa mtoto akihifadhi, halafu wiki ya mwisho ya likizo hana tarehe wala namba ya simu ya shule. Mimi tarehe naiweka juu kabisa ya ukurasa wa 4, ndani ya kisanduku, na mgongoni mwa kipande naweka nembo ya shule tu. Kabla ya kudurufu, kata nakala moja kwa mkasi uone kinachobaki.

Kwenye kipande, jina na kidato vinakuwa vimeshachapwa. Mzazi anaandika vitu vitatu: namba ya simu anayoitumia sasa, jambo moja analotaka lizungumzwe kwenye kikao cha wazazi, na sahihi. Ukiomba sahihi peke yake utarudishiwa sahihi zilizopigwa na kaka mtu nyuma ya nyumba. Ile sentensi ya katikati inamlazimu mtu mzima kushika kalamu, na mwandiko wake unajulikana. Ukiwa na shaka, linganisha na sahihi iliyo kwenye fomu ya kujiunga, ile iliyomo kwenye faili la mwanafunzi.

Habari za kujaza ukurasa wa 1 usimwombe mtu aandike. Wiki ya kufunga kila mwalimu ana rundo la kusahihisha, na utakachoambulia ni "nitakuletea kesho". Habari zimeshaandikwa tayari, ziko kwenye kitabu cha zamu. Mwalimu wa zamu anaandika kila wiki wageni waliokuja, mvua iliyoezua bati, wagonjwa, chakula, mechi. Nakipitia na penseli tangu wiki ya kwanza, naweka alama pembeni, na ndani ya saa moja muhula wote uko mbele yangu. Ninaongeza leja ya stoo, kumbukumbu za kikao cha bodi na taarifa ya mwalimu wa michezo. Habari ya Juni karibu lazima iwe na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Kila habari isizidi maneno 40. Ikihitaji zaidi, mara nyingi ni habari mbili zilizobanana.

Habari inayosomwa kuliko zote ni ya chakula, na usiiandike kwa maneno matupu. Chukua shule ya wanafunzi 400 inayopika makande, gramu 250 za mahindi na gramu 80 za maharage kwa kila mmoja. Kwa siku hiyo ni kilo 100 za mahindi, yaani gunia moja kamili, na kilo 32 za maharage. Mkipika siku 58, yametumika magunia 58 ya mahindi na kilo 1,856 za maharage. Kama mlipokea magunia 62 ya mahindi na 20 ya maharage, ya kilo 100 kila moja, yamebaki magunia manne ya mahindi, na gunia moja na kilo 44 za maharage. Andika hivyohivyo. Kama leja inaonyesha pungufu kwa sababu ya pumba au dumuzi, andika pungufu ni kilo ngapi na chanzo chake. Mzazi aliyebeba debe kichwani kutoka kijiji cha pili anapiga hesabu hiyo mwenyewe, na akikuta hailingani ataacha kuchangia kimyakimya.

Taja watu kwa majina kwenye mema: mpishi aliyewahi saa kumi na moja alfajiri muhula mzima, mzazi aliyeleta lori la mawe, mlinzi, mwalimu aliyehamishwa na aliyekuja badala yake. Misiba nayo iandikwe, kwa maneno machache ya heshima. Adhabu, utoro, mimba na madeni ya michango havina nafasi kwenye ukurasa unaokwenda nyumba 400. Hayo ni mazungumzo ya ofisini.

Kwenye ukurasa wa 2 kinachosumbua ni namna alama zinavyosomwa. Chini ya jedwali naweka kisanduku cha mistari mitatu: A ni 75–100, B ni 65–74, C ni 45–64, D ni 30–44, F ni 0–29. Pointi ni 1 kwa A mpaka 5 kwa F, zinajumlishwa kwa masomo saba bora, na pointi chache ndizo bora. Halafu mfano: B moja, C nne na D mbili ni 2 + 12 + 8, jumla 22, na hilo ni daraja la tatu, linaloanzia 22 hadi 25. Bila mfano huo utapokea baba anayelalamika kwamba kijana wa jirani mwenye 17 amesifiwa, huku wa kwake mwenye 30 hakupewa hata daftari.

Alama zenyewe zinatoka kwenye jedwali la Excel na kuingia kwenye ukurasa zenyewe. Hatari iko kwenye kupanga. Ukichagua safu ya jumla peke yake ukaipanga, jumla zinahama na majina yanabaki palepale, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa. Chagua jedwali zima ndipo upange. Kisha chukua wanafunzi watano kwa kila mkondo, wa juu, wa chini na wa katikati, uwalinganishe na karatasi za alama za walimu wa masomo. Asiyefanya mtihani mwekee X, usimwekee sifuri, kwa sababu sifuri inaingia kwenye wastani na X haiingii. Na wakifungana wawili nafasi ya tatu, anayefuata ni wa tano. Waambie walimu wa darasa mapema, maana swali hilo litaulizwa.

Desemba kazi ni nyepesi kuliko Juni. Kidato cha nne wameshamaliza mtihani wa taifa Novemba, na kidato cha pili nao wamefanya wa kwao, matokeo yakisubiriwa Januari. Kwa kidato cha pili naacha ukurasa wa 2 na alama za majaribio ya ndani, na juu yake naandika wazi kwamba matokeo ya taifa bado. Ukiacha pengo bila maelezo, mzazi atadhani mtoto alifukuzwa chumba cha mtihani.

Kuchapa ndiko kunakotaka subira, hasa Desemba ambapo huku kwetu mvua imeshakolea. Karatasi iliyovuta unyevu inajikunja ikipita kwenye joto la printa, na inaingia mbili mbili. Rimu isifunguliwe mpaka dakika ya kuchapa, na iliyofunguliwa irudi ndani ya mfuko wa nailoni. Ipepee kwa vidole pande zote kabla ya kuipakia. Upande wa nje naudurufu kwanza kwa mashine ya kudurufu, nikiongeza nakala 10 kwa kila 100 za kuharibika, na upande wa ndani unakwenda kwenye printa ya leza siku inayofuata. Kulala usiku mmoja ni lazima. Wino wa mashine ya kudurufu haukaushwi kwa joto, kwa hiyo karatasi ikiingia kwenye leza ikiwa mbichi inapaka rola, na rola inapaka kila karatasi inayofuata. Wapo wanaogeuza, leza kwanza halafu kudurufu, ili kukwepa kusubiri. Hapo mashine ikitafuna karatasi imetafuna ripoti ya mtoto fulani, na lazima uitafute ni ya nani uichape upya. Kabla ya kuanza upande wa pili, weka alama ya penseli kwenye kona ya karatasi moja, ipitishe, uone juu iko wapi na uso uko wapi.

Gharama ni rimu za elfu kumi na kitu, na wino. Ukijumlisha vyote haizidi shilingi mia mbili kwa mwanafunzi, na tunaitoa kwenye fedha za uendeshaji bila kumchangisha mtu.

Siku ya kufunga, karatasi hazitolewi mstarini. Zinatolewa darasani, mwisho kabisa, baada ya vitabu kurudi stoo na madawati kuhesabiwa, mwalimu wa darasa akiita jina moja moja. Wakati wanatoka getini, meseji inakwenda kwa wazazi wote, na hii inafika hata kwenye kitochi: "Mzazi, shule imefungwa leo. Mwanao ana karatasi yenye matokeo na habari za shule. Mwulize leo. Kipande cha chini kirudi siku ya kufungua." Hiyo iko chini ya herufi 160, kwa hiyo inalipiwa kama meseji moja. Usiandike neno lenye ritifaa iliyopinda, kama simu inavyopenda kuiweka kwenye "ng'ombe", kwa sababu alama hiyo moja inapunguza nafasi mpaka herufi 70 na utalipia meseji mbili au tatu. Kundi la WhatsApp nalo linapokea maneno hayohayo, bila faili.

Siku ya kufungua mwalimu wa darasa anakusanya vipande na kuweka tiki kwenye orodha. Asiye na kipande anaingia darasani kama wenzake. Anayepigiwa simu ni mzazi, jioni hiyohiyo, na nakala ya akiba ya ripoti iko ofisini. Kumrudisha mtoto nyumbani akafuate karatasi ni kumpotezea siku ya masomo, na wengine hawarudi kwa wiki.

Namba mpya za simu zinaingizwa kwenye faili ndani ya wiki ya kwanza, kabla vipande havijaanza kupotea. Yale mambo yaliyoandikwa na wazazi nayahesabu kwa makundi, maji, chakula, masomo ya jioni, vyoo, na matatu yaliyotajwa zaidi yanakuwa ajenda ya kwanza, ya pili na ya tatu ya kikao cha wazazi. Yanapojadiliwa, mkuu wa shule anasoma idadi ya walioyaomba, na majibu ya kikao yanachapwa kwenye ukurasa wa 1 wa karatasi ya Juni.