Nafasi Baada ya Mask

Juzi kijana ninayekaa naye meza moja kazini aliniuliza kwa nini kila nikiandika amri ya njia, ile ya kuiambia kompyuta data ipitie wapi, naisoma kwa sauti. "Route, nafasi, add, nafasi..." Anasema hata nikiwa peke yangu midomo inacheza. Sikuwa najua. Nikamjibu ni mazoea, tukaendelea na kazi, lakini usiku usingizi ulichelewa.

Ilikuwa Novemba 2008, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya dawa za zahanati. Mimi niko Mwanga, mjini Kigoma. Seva, kompyuta ya kuyatuma, iko Kasulu. Katikati karibu kilomita 100 za udongo mwekundu ulioshiba mvua, na gari la ofisi limekwenda Kibondo.

Seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Moja ilielekea kwenye modemu ya satelaiti, 192.168.1.1, nyingine, mpya, ilikuwa ya kompyuta za humo ndani. Aliyeifunga hiyo mpya aliijazia lango nayo, yaani anwani ya kutokea nje, kwa hiyo jedwali la njia likawa na mistari miwili ya 0.0.0.0: milango miwili ya kutokea, na mmoja wake hauendi popote. Nikaingia kwa mbali niufute huo mbovu. Nikaandika route delete 0.0.0.0, nikabonyeza enter.

Amri hiyo usipoitajia lango hufuta yote mawili. Nilifundishwa hivyo, na nilikuwa nakumbuka. Haraka tu. Kioo kikaganda. Kompyuta ya Kasulu ikabaki inawajua majirani zake wa chumbani peke yao, na mimi sikuwa mmoja wao.

Nikapiga simu ya ofisi ya kule. Wengine wote walikuwa vijijini. Akapokea mama wa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii mashine imekwama. Nimeshaizima nikaiwasha."

Nikakaa chini. Mstari mzuri, ule wa satelaiti, uliwekwa kwa mkono bila -p, alama ya kuuhifadhi, na njia isiyo na -p haivuki kuzimwa kwa kompyuta. Sasa umerudi mbovu peke yake, ule uliojazwa kwenye kadi.

Simu ilikuwa inashika chini ya mwembe tu, kompyuta iko ndani. Kwa hiyo ikawa hivi: mimi nasoma, yeye anaandika kwenye karatasi, anaingia ndani, anachapa, anarudi mwembeni kuniambia. Nilimweleza namna ya kufungua lile dirisha jeusi. Nikamsomea mstari wa kwanza, ule wa kufuta. Alikwenda muda mrefu. Nilisikia jogoo, nikasikia mvua ikianza kugonga majani, na vocha yangu inakwisha.

"Haijasema kitu," alisema aliporudi. Sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa ameharibu.

"Ikinyamaza mama, imekubali."

"Ikinyamaza imekubali," akarudia polepole, kama anaiweka mahali.

Mstari wa pili ulikuwa mrefu: route -p add 0.0.0.0 mask 0.0.0.0 192.168.1.1. Sifuri, nukta, sifuri, nukta. Akaenda, akarudi. Imekataa. Nikamwomba anisomee alichoandika, herufi kwa herufi. Alisoma vizuri mpaka akafika kwenye mask, akaiunganisha na sifuri zinazofuata.

"Hapo kuna nafasi, mama. Baada ya mask."

"Nafasi naiandikaje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nafasi haiandikwi, ni pale unapoacha. Nikiwa bado natafuta maneno, yeye akasema, "Ngoja. Kila neno nalipa mstari wake, kushuka chini. Nikimaliza mstari nabonyeza kile kitufe kirefu." Akaanza upya. Nikasikia kalamu juu ya karatasi, nikamsikia akijisomea: route, kushuka. -p, kushuka. Add, kushuka.

Akaingia ndani. Mbele yangu nilikuwa nimeacha ping, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu, inaipigia Kasulu, na kila baada ya sekunde chache inaandika kwamba hakuna jibu. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Kisha ikaja namba: milisekunde 640. Satelaiti iko kama kilomita 36,000 juu, kwa hiyo hata jibu zuri huchelewa hivyo. Ikaja nyingine, na nyingine. Yeye alikuwa bado hajafika kwenye mwembe.

Alipofika alisema neno moja: "Imenyamaza."

Maombi ya dawa yalitoka kabla ya saa kumi. Siku mbili baadaye nilifika Kasulu, nikaondoa lango kwenye ile kadi mpya, nikanywa chai yake. Karatasi alikuwa ameibandika ukutani kando ya kompyuta, maneno yamepangwa kushuka kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Nilimshukuru. Ila kwenye ripoti niliandika "hitilafu ilirekebishwa", sikusema nani aliisababisha wala nani aliirekebisha. Nikasifiwa, mkataba wangu ukaongezwa. Mradi ulipofungwa wahudumu ndio walioondoka wa kwanza.

Jana nilimwambia yule kijana kwamba yale mazoea niliyatoa Kasulu. Akauliza nani alinifundisha. Nikaanza kumsimulia, mpaka nikafika mahali pa kutaja jina. Sisi sote tulikuwa tunamwita mama wa chai.