Diski mbili, moja kwa mama

Mwaka juzi diski yangu ya nje ya kuhifadhia picha na video, ya gigabaiti 500, ilianza kugonga tik-tik, kesho yake haikusoma tena. Ndani yake ilikuwamo harusi ya dada pale Chumbageni, na bibi akimwombea dua. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Bado naumia.

Sasa nanunua kubwa, tena mbili, moja ikifa nyingine ibaki: terabaiti 4 kila moja (terabaiti moja ni gigabaiti 1000). Za inchi 3.5 mara nyingi ni nafuu kwa kila terabaiti, ila zinataka umeme wa ukutani, na ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kuharibika. Nimechukua za inchi 2.5, zinatumia umeme wa laptopu kupitia USB.

Windows ikikuonyesha terabaiti 3.63 badala ya 4, usishtuke. Kiwandani kilobaiti moja ni baiti 1000, Windows inahesabu 1024, na hivyo hivyo kila hatua kwenda juu. Ila ukiona terabaiti 16 kwa bei ya kutupa, iache. Diski mpya yoyote ijaze mpaka mwisho, kisha fungua mafaili ya mwanzo na ya mwisho. Za bandia hupokea tu, kumbe hazijahifadhi.

Ya pili inakaa Ngamiani kwa mama, ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko. Kila mwisho wa mwezi naenda nayo laptopu, nanakili picha mpya huku tukizitazama pamoja.