Jahazi Ambalo Halijashuka Majini

Kisanduku changu cha rangi za maji chaingia mfukoni bila ya kutuna. Ndani mna vidonge sita vya rangi, brashi moja yenye ncha nzuri, na kichupa cha maji ambacho zamani kilikuwa cha dawa ya kikohozi. Daftari ni la karatasi nzito, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana karatasi nyepesi ikishaguswa na maji hujikunjakunja na rangi ikatuama mabondeni. Nikingoja feri Likoni huchora mikokoteni na wauza mahamri. Nikiwa benki nangoja namba yangu iitwe, huchora viatu vya watu walio mbele yangu. Siku nisiyochora hunipita sikuiona, na jioni nikiulizwa nimeona nini sina la kujibu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2016, shule zilipofungwa, nilikwenda Lamu kumtembelea shangazi yangu anayekaa mtaa wa Langoni. Nilichora nilivyojaaliwa: madaka ya nyumba za mawe, punda wamebeba mchanga, milango ya nakshi. Shangazi akawa anipita kila asubuhi nimekaa kwenye baraza moja au nyingine. Mwisho akaniambia, "Kama wapenda kuchora, mbona wajifungia vichochoroni? Enda Matondoni ukaone vyombo vikiundwa."

Matondoni ni kijiji upande wa pili wa kisiwa, mashuhuri kwa mafundi wa vyombo na kwa wanawake wasukao mikeka. Kwa miguu ni mwendo wa haja, kwa hivyo tulingoja maji yajae tukapanda mashua ya injini, mimi na mtoto wa shangazi, kijana wa miaka 12 aliyekuwa na hamu ya safari kuliko ya kuchora. Tulipita kando ya mikoko. Kijani cha mikoko kwa mbali ni cheusi hasa, nami nilipokuwa mgeni wa rangi hizi nilikuwa nikikitafuta kwenye kidonge cha kijani. Hakipatikani humo. Huja ukichanganya buluu na siena, ile rangi ya udongo uliochomwa, kisha ukaongeza njano kidogo tu.

Tulichokisikia kabla ya kukiona ni nyundo. Mafundi wawili walikuwa wakitia kalafati: mmoja asokota nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, mwenzake azikandamiza kwa patasi butu katika nafasi kati ya ubao na ubao, pigo kwa pigo, bila ya kuruka hata inchi moja. Jahazi lenyewe lilikuwa limekaa juu ya magogo, limeegemezwa boriti pande zote mbili, mbao zake zikiwa bado na rangi ya asali. Harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki wanayopakia mbao, ilikuwa imetanda mahali pote. Ndani niliona mataruma, mbavu za chombo, na hakuna hata moja iliyokuwa imekunjwa kwa mashine. Kila taruma ni tawi lililoota limepinda lenyewe msituni, fundi akalitafuta lenye pindo analolitaka, kisha akalichonga kwa tezo.

Nilitoa salamu, nikaomba ruhusa ya kukaa. Fundi mkuu, mzee aliyefunga kikoi na shati lililokwisha rangi, aliitikia bila ya kuacha kazi. "Njoo kivulini, mwanangu. Jua la hapa halina huruma."

Kuchora ubavu wa chombo ni kazi ngumu kuliko kuchora uso wa mtu. Mstari wa juu washuka kutoka omo, mbele ya chombo, hadi katikati, wapanda tena kwenda tezi, nyuma yake, na wakati huohuo wakujia kisha wakuondokea. Jicho likizubaa, mkono huchora bakuli. Nilianza na mkuku kwa penseli, maana ndio mfupa wa chombo kizima, nikapandisha omo, kisha nikahesabu mbao moja baada ya moja. Nilipofika mahali mbao zinapokutana na omo ilibidi ninyanyuke niende nikaguse kwa mkono, nijue ubao waishia wapi. Mkono ulinieleza kitu ambacho macho yalikuwa hayajakipata. Ndipo fundi akaweka nyundo chini akaja.

Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Nami nikamuuliza jambo lililokuwa likinikereketa tangu nifike: ramani ya chombo iko wapi? Sikuwa nimeona karatasi wala chaki popote.

"Ramani i matoni," akasema, akagusa pembe ya jicho lake. Alifundishwa na babake, na babake kwa babake, na hakuna katika hao aliyepata kuchora chombo kabla ya kukiunda. Akalitazama tena daftari. "Waweza kulichora likiwa majini?"

"Lakini baba, mimi huchora ninachokiona."

"Mimi naliona. Nitakwambia, wewe uchore."

Nikafungua ukurasa mpya. Kwa miaka yote niliyobeba kisanduku kile sikuwahi kupokea kazi iliyonisisimua kama ile. Alichuchumaa kando yangu, mafundi wengine wakasogea, kijana wa shangazi akapewa kazi ya kunishikia kichupa cha maji. Tulianza na omo. Ya jahazi la Lamu husimama wima, akasema, na nisithubutu kuilaza. Kisha macho ya chombo: kila upande wa omo kibao cha mviringo cheupe, ndani yake mwezi na nyota. Kisha mlingoti. Huo aliutaka uinamie mbele, nami nikauliza sababu, kwa kuwa macho yangu ya mtu wa mjini yalidhani mlingoti wowote husimama sawa. Hakunijibu kwa maneno. Aliokota vijiti viwili, akakisimika kimoja mchangani kimeinama, cha pili akakifanya foromali, ule mti unaobeba tanga, akanionyesha foromali inavyosimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti pale tanga linapogeuzwa upande. Mlingoti ukiinama mbele, foromali hupata nafasi ya kupita.

Ilipofika zamu ya tanga ilibidi nimweleze na mimi ya kwangu. Katika rangi za maji hakuna haja ya kidonge cheupe. Weupe ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika hairudi. Kwa hivyo tanga halipakwi. Hupakwa mbingu inayolizunguka. Nililowesha karatasi kuanzia ukingo wa tanga kwenda nje, nikatia buluu kwenye unyevu, ikatambaa yenyewe mpaka ilipokutana na pakavu ikasimama. Tanga likajitokeza. Fundi mmoja akasema "Mashallah" kwa sauti ya chini, na mzee akainama karibu zaidi, akitazama maji yale yakitembea ndani ya karatasi. Nadhani alifurahia kuona kazi ya mwingine ambayo nayo ina pahala pa kungoja na pahala pa kuwahi.

Upepo wa kusi ulikuwa mzuri siku ile, ukaikausha karatasi upesi. Nikapaka bahari, nikaacha mstari mwembamba mweupe wa povu chini ya omo. Ubavu nikaupaka siena iliyochujuka. Hapo mzee akanizuia: sehemu ya chini ya maji isiwe rangi ileile, kwa sababu huko hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao, na jahazi likilala upande kwa upepo, ukanda huo mweupe huonekana. Nikachovya brashi kwenye maji safi, nikailainisha rangi pale, nikaifyonza kwa kitambaa hadi ukanda ukatokea. Kisha foromali. Niliyokuwa nimeiweka kwa penseli aliiona imesimama mno. "Ishushe kidogo. Huu ni upepo wa kusi, si wa kaskazi." Nikaishusha.

Aliuomba mchoro ule. Mwenye chombo alikuwa Kizingitini, kisiwani Pate, alikuwa ametoa pesa na hajaona kitu ila mbao, naye mzee alitaka kumpelekea. Niliukata ukurasa ule kwa wembe, akauweka katikati ya vipande viwili vya ubao ili usipinde, akavifunga kwa uzi wa kalafati. Nilipokataa malipo alimwita mkewe, nami nikaondoka na jamvi dogo ambalo hadi leo nalikalia nikichora.

Maji yalikuwa yanaanza kupwa na nahodha wa mashua alikuwa akituita. Ndani ya mashua injini ilikuwa ikitetemesha kila kitu, rangi haingewezekana, lakini mchoro ulikuwa bado mbichi kichwani na sikutaka ulale. Nilichora upya kwa penseli, haraka, na pembeni nikaandika: hapa buluu yenye maji mengi, hapa siena, hapa acha karatasi. Njia hiyo niliipata kwa Delacroix, mchoraji wa Ufaransa aliyezunguka Moroko mwaka 1832 na madaftari yake. Palipomkimbia wakati aliandika rangi kwa maneno kando ya mistari. Kijana wa shangazi alikuwa akinikumbusha niliyosahau. Macho ya omo ni yeye aliyeyakumbuka.

Usiku ule nilikaa darini kwa shangazi, chini ya taa, nikapaka rangi nikifuata maandishi yangu. Mchoro huo wa pili ndio nilio nao. Mistari yake ina mtetemo wa injini, na foromali imekaa pale alipoitaka mzee.