Siku viza itakapofutwa, nini kitabaki?

Kuna swali ambalo familia ya kimisionari inapaswa kujiuliza ikiwa bado inafungua mizigo: serikali ikitupa siku thelathini za kuondoka, Jumapili itakayofuata kanisa litakutana? Nani atahubiri, nani atahesabu sadaka, nani anajua hati ya kiwanja imewekwa wapi? Leo nimelirudia swali hili na nimeona niliandike kwa ajili ya wanaojiandaa kutumwa. Naamini kwa moyo wote kwamba kila uamuzi wa nyumbani na wa kanisani, kuanzia lugha hadi gari, hupimwa hapo.

Habari za Madagaska ndizo zinazonigusa kuliko zote. Mwaka 1818 David Jones na Thomas Bevan wa London Missionary Society, shirika la umisheni la Uingereza, walianza kazi Tamatave, pwani ya mashariki, kisha wakaja na wake zao na watoto wachanga. Homa iliwakuta katika msimu wake mbaya. Kufikia mwanzoni mwa 1819 Bevan, mkewe na mtoto wao walikuwa wamekufa, na Jones alikuwa amempoteza mkewe na mtoto wake. Jones alikwenda Morisi kutafuta nafuu, kisha mwaka 1820 akarudi, akapanda hadi Antananarivo na kuanza shule. Wenzake wakaongezeka, ukaja mtambo wa kuchapa, Agano Jipya la Kimalagasi likatoka mwaka 1830 na Biblia nzima mwaka 1835. Mwaka huohuo Malkia Ranavalona wa Kwanza akawapiga marufuku raia wake kufuata Ukristo, na mwaka 1836 wamisionari wa mwisho wakaondoka.

Walioachwa hawakuwa na mshahara kutoka nje wala msimamizi mgeni. Walijua kusoma, walikuwa na Biblia katika lugha yao, baadhi zikiwa zimefukiwa ardhini zisichomwe, na walizoea kukutana majumbani. Rasalama aliuawa mwaka 1837 kwa ajili ya imani yake, na wengi wakamfuata. Malkia alipofariki mwaka 1861 na wageni wakaruhusiwa kurudi, walikuta kanisa kubwa kuliko lile waliloliacha. Nikisoma bajeti ya kituo chochote cha umisheni, huwa natafuta ni fungu gani linajenga vitu vya aina ile iliyodumu, na ni fungu gani litakufa siku ile mgeni anapopanda ndege.

Nianze na lugha, kwa sababu huko ndiko wengi wanakojipunja. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mtu anayezungumza Kiingereza huhitaji kama wiki 30 za darasa la siku nzima kwa Kihispania, 36 kwa Kiswahili, na 88 kwa Kijapani, Kiarabu au Kichina. Hao ni watu wanaolipwa kusoma bila kazi nyingine. Familia yenye watoto wadogo haiwezi kwenda kwa kasi hiyo, lakini inaweza kupata saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki: mbili na mwalimu, moja ya kusikiliza rekodi, moja ya kutembelea majirani. Hesabu hiyo huleta saa 900 katika wiki 45. Ukiongeza magonjwa, sikukuu na foleni za uhamiaji, mwaka umekwisha. Kanisa lililokutuma linapaswa kuambiwa mapema na kwa maandishi kwamba mwaka wa kwanza hautakuwa na taarifa za ubatizo.

Saa 30 za mwanzo ni za kusikiliza tu. Mwalimu anaweka mezani vitu viwili, tuseme kikombe na kisu, anataja kimoja, mwanafunzi anakigusa. Kinaongezwa cha tatu, kisha cha nne, kimoja kimoja, hadi kumi. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anarudi nyuma vitu viwili na kuanza kupanda tena. Baada ya vitu huja amri: simama, fungua, mpe, weka chini ya kiti. Dakika kumi za mwisho zinarekodiwa kwenye simu na kusikilizwa mara tatu kabla ya kulala. Mtu mzima, hasa mwenye shahada, huona aibu kukaa kimya namna hiyo na hulazimisha kusema kabla sikio halijazoea sauti. Matokeo yake ni matamshi mabovu ambayo baada ya miezi sita hayaondoki tena. Mwalimu si lazima awe na cheti cha ualimu. Mtu mchangamfu, mvumilivu, asiye na hamu ya kujizoeza lugha yako wewe, anafaa zaidi.

Mambo matatu huharibu. La kwanza ni mkalimani. Mgeni anaombwa kuhubiri mwezi wa tatu, anahubiri kwa kutafsiriwa, watu wanampongeza, anaombwa tena, na kila mahubiri ya namna hiyo yanamla saa kumi za kujifunza. Kataa kwa upole mpaka uweze kutoa ushuhuda wa dakika tano mwenyewe, hata kwa kusoma karatasi. La pili ni kujifunza lugha ya ibada peke yake: unaweza kuomba vizuri sana na bado usimwelewe mama anayekueleza jinsi mtoto alivyoanza kutapika usiku. La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Baba anakwenda darasani, mama anabaki na mtoto, na baada ya miaka miwili mama hana wa kuzungumza naye katika kanisa ambalo wanawake ndio wengi. Dawa yake ni ratiba, si huruma: baba anakaa na watoto asubuhi tatu kwa wiki, na saa za mwalimu za mama zinaandikwa kwenye bajeti sawasawa na za baba.

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Aliendelea na lugha. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kazi ya lugha hudumu hivyo.

Kuhusu makaratasi nitasema machache. Vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vya shule na cha polisi vithibitishwe nchini kwenu kabla ya safari, maana kuvithibitisha ukiwa mbali huchukua miezi. Pasipoti za watoto huisha mapema kuliko za wazazi, kwa hiyo tarehe zote ziandikwe kwenye ukurasa mmoja. Mahali panapodai chanjo ya homa ya manjano, kadi huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa ya maisha yote. Na usifanye kazi ambayo viza yako haiiruhusu. Kosa la mgeni mmoja hulipwa na kanisa zima la mahali.

Fedha ya familia ni jambo la wazi kuliko tunavyopenda kulizungumza. Bajeti iwe na posho, nyumba, bima ya afya yenye kusafirisha mgonjwa nje ya nchi, shule, mwalimu wa lugha, akiba ya uzeeni, na tiketi za kurudi nyumbani kwa familia nzima. Fungu la tiketi haliguswi hata kanisa likianguka paa. Kuondoka na asilimia 80 ya ahadi kwa kutumaini kwamba iliyobaki itafuata ni hatari, kwa sababu baada ya mwaka wa kwanza ahadi hupungua badala ya kuongezeka: watu huhama, hustaafu, hubadilisha kanisa. Weka pia nafasi ya kushuka kwa thamani ya fedha. Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, habari moja iliyoelezwa vizuri, mahitaji mawili au matatu ya kuombea. Kabla ya kuituma jiulize kama jirani uliyemwandika angefurahi kuisoma, maana siku hizi ataisoma.

Sasa fedha ya kanisa. Hapa nakaa kidogo.

Mwaka 1890 wamisionari vijana huko Seoul walimwalika John Nevius, aliyekuwa amefanya kazi China kwa miaka mingi. Alikaa nao kama wiki mbili. Aliwashauri kwamba mwamini abaki kwenye kazi yake na amshuhudie Kristo hapohapo. Kanisa lianzishe tu yale linaloweza kuyasimamia na kuyalipia. Majengo yawe ya mtindo wa nchi na yajengwe kwa mali ya waamini wenyewe. Na wote wafundishwe Biblia kwa utaratibu. Wakorea waliushika ushauri huo, na ukuaji wa makanisa yao unajulikana duniani kote. Kabla yake Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, viongozi wa mashirika ya umisheni, walikuwa wamefundisha kwamba kanisa lazima lijitawale, lijitegemee na lijieneze.

Wengi wetu tunalikubali hilo kwa mdomo, kisha tunaanza kumlipa mchungaji mshahara kutoka nje kwa mpango wa kupunguza: mwaka wa kwanza asilimia 100, wa pili 75, wa tatu 50, na kuendelea. Mara nyingi mpango huu unakwama mwaka wa tatu. Waumini hawakushirikishwa kupanga kiwango, kwa hiyo hawaoni kuwa ni deni lao. Na mchungaji, ambaye ana watoto wa kusomesha, anaanza kutafuta mfadhili mwingine badala ya kufundisha utoaji. Naona ni afadhali kuanza na kiwango ambacho waumini ishirini wanaweza kukibeba, hata kama maana yake ni mchungaji wa nusu siku mwenye biashara au shamba lake. Fedha ya nje iende kwenye vitu vya mara moja visivyohitaji kulishwa kila mwezi: kuchapa vitabu, semina ya viongozi, ada ya mwanafunzi wa theolojia yenye mwisho unaojulikana. Kabla ya kununua kipaza sauti au jenereta, uliza nani ataitengeneza na kwa fedha ya nani. Chumba cha watu arobaini hakihitaji spika.

Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, mbele ya kila mmoja, kabla ya mtu yeyote kutoka jengoni. Kiasi kinaandikwa kwenye daftari lenye nakala, wote wawili wanatia sahihi, na fedha inapelekwa benki siku ya kazi inayofuata. Mmisionari asiwe mmoja wa hao wawili, na asiwe mwenye sahihi ya kutoa fedha. Akaunti ya kanisa isichanganywe na ya familia hata kwa wiki moja. Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la chombo cha kanisa kilichosajiliwa, kamwe si la mgeni wala la mzee mmoja mwaminifu. Mzee mwaminifu hufa, na warithi wake hawakuwapo mlipokubaliana. Gari nalo liwekewe kanuni siku ya kwanza: wagonjwa na misiba ndiyo, harusi na mizigo hapana. Bila kanuni, kila kukataa kunakuwa ugomvi wa mtu na mtu.

Watoto hawakuitwa kwa sauti ileile iliyowaita wazazi, na inafaa kulikumbuka hilo. Ruth Useem, mwanasosholojia wa Marekani, alianza katika miaka ya 1950 kuwachunguza watoto wanaokulia nje ya nchi ya wazazi wao, wanaojenga utamaduni wao wa tatu katikati ya ule wa wazazi na ule wa nchi wanamokulia. Swali gumu kwao ni "kwenu wapi?" Shule ya mahali huwapa marafiki na lugha, lakini mitaala inaweza kugongana baadaye. Kusomea nyumbani kunahitaji mzazi mmoja karibu kila asubuhi, na kwa kawaida saa za lugha za mama ndizo zinazoliwa. Shule ya bweni hutoa elimu nzuri kwa gharama ya utengano. Uamuzi upitiwe upya kila mwaka, kwa kila mtoto peke yake.

Kwa kuhama, David Pollock, Mmarekani aliyeandika juu ya watoto wa namna hii, alifundisha hatua nne ambazo ningependa kila familia izifuate kuanzia miezi sita kabla: kupatana na yeyote mliyekosana naye, kuwashukuru watu kwa majina na sababu, kuaga watu na mahali, na kufikiria kwa uwazi huko mwendako. Mtoto anayevushwa hatua ya kuaga ili asilie huibeba huzuni hiyo miaka mingi. Apewe nafasi ya kuaga mti, mbwa, uwanja.

Kukabidhi huduma kuanze na mahubiri. Mwezi wa kwanza kiongozi mwenyeji anakaa nawe unapoandaa, kuanzia kuchagua fungu. Wa pili anaandaa naye, unamsaidia. Wa tatu anahubiri, wewe umeketi na waumini, na mnazungumza faragha Jumatatu. Asisahihishwe hadharani kamwe. Wa nne unakwenda kusali kwingine. Fanya hivyohivyo kwa kuongoza kikao, kuwatembelea wagonjwa, kuzika, na kusuluhisha ndoa. Hatua ya tatu ndiyo hushindikana, kwa kuwa mgeni haachi kutikisa kichwa akiwa kitini, na waumini wote wanamtazama yeye badala ya mhubiri. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni anayeshika funguo zote humfanya mwenyeji mgeni katika nyumba yake.

Na baada ya kuondoka, miezi sita ya kwanza ni ya kunyamaza. Muumini akikupigia simu kumlalamikia mchungaji mpya, msikilize, muombe pamoja, kisha mrudishe kwa wazee wa kanisa bila kutoa maoni. Usitume fedha kwa mtu mmoja mmoja. Kama kuna msiba, tuma kupitia mhazini. Wazee wakikuuliza jambo, jibu walichouliza tu. Ziara ya kwanza isubiri mwaka, na mwenye kuialika awe baraza la kanisa.